Anayesafiri Apunguze Mzigo, Aongeze Maarifa

Mtu akisimama kwa muda wa saa moja mbele ya mizani ya mizigo katika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, au ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, hatakosa kuliona jambo ambalo kwetu limekwisha kuwa la kawaida. Abiria ameambiwa kwamba begi lake limezidi uzito. Analivuta kando, analilaza sakafuni, analifungua mbele ya macho ya watu, na hapo inaanza kazi ya kutoa na kuhamisha. Unga wa muhogo unaingia katika mkoba wa mkononi, viatu vinavaliwa juu ya soksi mbili, koti linavaliwa katika joto la Pwani, na furushi ambalo mwenyewe hajui lina nini ndani linarudishwa kwa jamaa waliokuja kumsindikiza. Asiye na jamaa hulipa fedha ya kilo zilizozidi, na aghalabu fedha hiyo hushinda thamani ya vitu vyenyewe.

Yamkini wako watakaosema kwamba habari za mabegi hazistahili nafasi katika safu hii, ambayo imezoea kuzungumzia pembejeo, madarasa na maji ya bomba. Sisi hatuoni hivyo. Zamani waliokuwa wakisafiri nchi za nje walikuwa wachache, tena aghalabu walikuwa watumishi wa Serikali au wanafunzi waliopelekwa kwa mpango maalumu, wakapewa maelekezo kabla ya kuondoka, na wengine wakatengewa miezi ya kujifunza lugha walipofika; wale waliopelekwa Ujerumani Mashariki, kwa mfano, walipitia Taasisi ya Herder mjini Leipzig ili wajifunze Kijerumani kwanza. Leo anayesafiri ni mwananchi yeyote. Ni mwenye duka la nguo anayekwenda Guangzhou au Dubai kununua shehena, ni mama anayekwenda Muscat kumwona mwanawe aliyejifungua, ni mgonjwa anayepelekwa India kutibiwa, ni binti aliyepata nafasi ya masomo Ulaya. Hawa hakuna aliyewakalisha kitako akawaambia lolote. Wanaondoka na ushauri wa majirani, na ushauri wa majirani kwa kawaida huwa ni mmoja tu: chukua na hiki, usije ukakikosa huko.

Tuanze na mzigo wenyewe. Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa daraja la kawaida begi la kilo 23, wengine hutoa mawili, na mkoba wa kuingia nao ndani usiozidi kilo 7. Kilo 23 si haba. Nguo za mtu mzima za wiki moja, pamoja na viatu vyake na vifaa vyake vya kuogea, hazifiki hata nusu ya uzito huo. Basi zile nyingine zinatoka wapi? Kila aliyepata kufunga begi katika nyumba ya Pwani anajua jibu. Zinatoka kwa shangazi, kwa jirani, kwa rafiki wa ndugu, kwa mtu aliyesikia msikitini au sokoni kwamba fulani anasafiri kesho. Huyu ameleta pweza mkavu, yule ameleta pilipili ya kusaga, mwingine halua, mwingine vitenge vya mkwewe, na mwingine bahasha iliyofungwa kwa gundi na kuambiwa kwamba ni vyeti tu.

Desturi hii haikuzuka jana. Tangu enzi za majahazi, aliyekwea chombo kwa msimu wa kusi kuelekea Arabuni alikuwa ni posta ya mji mzima. Alichukua barua, alichukua salamu, alichukua zawadi za arusi na fedha za kumlipia mtu deni, na aliyekataa kuchukua alihesabiwa kuwa amekata udugu. Hatuna haja ya kuidharau desturi hiyo, maana ndiyo iliyowaunganisha watu wa pande mbili za bahari kabla ya kuwako simu. Lakini tukumbuke pia jinsi ilivyokuwa ikifanywa. Nahodha alimjua mwenye mali na mpokeaji kwa majina ya baba zao, furushi lilifunguliwa likaonekana, na yaliyomo yakatajwa mbele ya mashahidi. Chuoni tulifundishwa kwamba amana ni jambo zito, na uzito wake ni kwamba aliyeipokea ataulizwa. Sasa mtu ataulizwaje juu ya kitu asichokijua? Furushi lililofungwa kwa gundi, lililoletwa saa mbili kabla ya safari na kijana aliyetumwa na mtu aliyetumwa na mwingine, halina sifa hata moja ya amana. Hilo ni jambo jingine kabisa, na lina jina lake mahakamani.

Hapa ndipo tofauti ya mila inapokuwa ni suala la uhai wa mtu. Kwetu, ukimwambia mzee kwamba furushi si lako bali umepewa na jirani, atakuelewa, kwa kuwa naye amepata kubebeshwa. Afisa wa forodha wa nchi ya mbali hana mila hiyo. Kwake, begi ni la yule ambaye jina lake liko kwenye kikaratasi kilichobandikwa mpinini. Sheria ya Singapore inamchukulia mtu aliyekutwa na chombo chenye dawa za kulevya kuwa ndiye mwenye nazo na kwamba anazijua, mpaka athibitishe vinginevyo. Na huko heroini safi inayozidi gramu 15 humfikisha mtu kwenye adhabu ya kifo. Nchini China, kifungu cha 347 cha sheria ya jinai kinataja gramu 50 za heroini, na adhabu yake ni kuanzia miaka 15 jela, kifungo cha maisha, hata kifo. Gramu 50 ni uzito wa vijiko vichache vya sukari. Zinaenea katika kisigino cha kiatu, katika kopo la poda, katika pindo la kitenge. Siyo siri kwamba wapo vijana wa Afrika Mashariki waliofungwa katika magereza ya nchi za Asia kwa makosa ya namna hii. Wako waliojua walichokibeba, na hao hatuwatetei. Lakini mlango wanaoutumia walanguzi ni ule ule wa ukarimu wetu, yaani mtu mwema anayeona haya kusema hapana.

Kwa hiyo tunawaomba wazee, na tunasema wazee kwa makusudi, kwa kuwa kijana hawezi peke yake kuivunja desturi inayosimamiwa na waliomzidi umri. Mzee mwenye kupeleka kitu na akiite wazi, akilete siku tatu kabla, akifungue mwenyewe, akitoe mbele ya msafiri na kukipanga upya. Asikasirike akiambiwa nafasi imekwisha. Na msafiri, akiletewa kilichofungwa, ana haki ya kukifungua. Akikatazwa kukifungua, basi amekwisha kujibiwa. Yuko mama mmoja wa mtaani kwetu mwenye watoto wawili ng'ambo ambaye hufunga begi lake usiku wa kuamkia safari, akatia kufuli, na kila anayekuja na furushi asubuhi huambiwa kwamba ufunguo amekwisha kuutanguliza kwa mwanawe. Watu humcheka, lakini hawamchukii.

Kadhalika, viko vitu ambavyo si haramu kwetu wala havina siri yoyote, lakini vikivuka mpaka hugeuka kuwa kosa. Mfano ulio karibu zaidi ni mirungi. Huko Meru nchini Kenya ni zao la kuuza na kununua mchana kweupe. Ukivuka ukaingia Tanzania ni dawa iliyopigwa marufuku. Uingereza iliiruhusu kwa miaka mingi, na mizigo yake ilikuwa ikishuka London kwa ndege, mpaka mwezi Juni 2014 ilipokatazwa, na aliyebeba bila habari ya mabadiliko hayo aliingia matatani. Dawa za maumivu nazo zina mambo yake. Vidonge vyenye kodeini au tramadoli, ambavyo mgonjwa ameandikiwa na daktari wake kwa haki kabisa, vinadhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, na mwenye kuvihitaji hutakiwa kuomba kibali kabla ya kusafiri. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka nje kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, basi ile nyama ya kukausha na kopo la samli ambalo bibi amelipika siku mbili vitaishia katika pipa la forodha. Samaki wana kanuni yao tofauti iliyo nafuu. Na tusiwaone wenzetu wakali mno, kwani nasi tunazo zetu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara imekataza mifuko ya plastiki, na mgeni anayeshuka Dar es Salaam na mfuko alionunulia mvinyo au manukato huko atokako hutakiwa kuuacha uwanjani. Kenya ilitangulia mwaka 2017, na Rwanda mwaka 2008. Mgeni yule hashangai kidogo kuliko bibi yetu mwenye samli.

Sasa twende kwenye kufunga begi kwenyewe, na hapo hatutakawia, maana jambo lenyewe ni jepesi kwa anayetaka liwe jepesi. Waliokwenda kuhiji wanalijua. Mwanamume anayevaa ihramu hubaki na shuka mbili zisizoshonwa, na katika shuka hizo tajiri na maskini hufanya kazi zao zote za ibada kwa siku kadhaa wala hakuna anayekosa heshima. Si kwamba tunamtaka mfanyabiashara aende Guangzhou na shuka mbili. Tunachosema ni kwamba haja za mwili ni chache kuliko hofu za moyo. Suruali mbili au magauni mawili, mashati matatu yanayokauka upesi, nguo moja ya heshima, viatu vya kutembelea na kandambili: hizo zinatosha wiki tatu kwa mtu asiyeona taabu kufua. Mama wa Pwani anayo tayari kanga, ambayo ni shuka, ni taulo, ni mtandio, ni pazia, ni mbeleko, na ikikunjwa ni mto wa kulalia ndani ya ndege. Kikoi humfanyia mwanamume kazi nyingi kati ya hizo. Makoti ya baridi, tunaona ni upotevu kuyahangaikia Kariakoo kwa bei ya kuruka, ilhali huko yanakopatikana baridi ndiko yanakopatikana makoti, na wenyeji wanajua lipi lafaa. Achukue sweta moja la njiani, mengine atayapata afikapo.

Katika mkoba wa mkononi ndimo viwekwe vitu ambavyo mtu hawezi kuishi siku moja bila ya kuwa navyo: pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa nchi zinazokidai, dawa za kila siku zikiwa katika pakiti zake zenye jina la mgonjwa pamoja na barua ya daktari, na nguo moja ya kubadilisha iwapo begi kubwa litachelewa. Betri ya akiba ya kuchajia simu nayo ni ya mkononi tu. Kuitia katika begi linalokwenda chini ya ndege kumekatazwa, kwa sababu betri za namna hiyo zaweza kushika moto mahali ambapo hakuna wa kuuzima. Mafuta, asali na manukato yasizidi mililita 100 kwa kila chupa, kanuni iliyoanza mwaka 2006 baada ya kugunduliwa huko London njama ya kulipua ndege kwa vitu vya majimaji. Viko viwanja vilivyoanza kuilegeza, lakini msafiri hapiti kiwanja kimoja tu, na aliyepita kwa usalama wa kwanza anaweza kunyang'anywa wa pili.

Aliyekuwa hodari wa safari kuliko wote waliopata kuikanyaga pwani yetu, na kuandikwa habari zake, ni Ibn Battuta wa Tangier. Alitoka kwao mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na wanafunzi wa historia wanaijua sifa aliyoutolea mji wa Kilwa. Habari yake tunayotaka kuikumbusha leo ni nyingine, ya mwaka 1352, alipovuka jangwa la Sahara kwenda katika ufalme wa Mali. Ameeleza kwamba katika nchi ile msafiri hachukui chakula, wala dhahabu, wala fedha. Huchukua vipande vya chumvi, shanga, na manukato kidogo. Akifika kijijini, wanawake humletea mtama, maziwa na kuku, naye hununua atakacho kwa vitu vile. Yaani aliuliza kwanza, akaambiwa wenyeji wanahitaji nini, akabeba hicho, na hicho kilikuwa chepesi.

Lakini mtu huyo huyo, aliyeweza kulipunguza furushi lake hata likawa chumvi na shanga, hakuweza kuyapunguza matumaini yake. Aliambiwa mjini Mali kwamba zawadi ya mfalme Mansa Sulayman imekuja. Akainuka akidhani ni majoho na mali, kama alivyokuwa amezoea kupewa na Sultani wa Delhi. Kumbe ilikuwa ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alicheka kwa mshangao na kuwadharau watu wale kwa kukikuza kitu kidogo. Kabla ya hapo, huko Walata, alikuwa amekirimiwa uji wa mtama wenye asali na maziwa, akauliza kama hicho ndicho walichoitiwa, na akajibiwa kwamba huo kwao ndio ukarimu mkubwa. Baadaye alikwenda mbele ya mfalme mwenyewe kulalamika, na ndipo akapewa nyumba. Kwa upande wa pili, kwa haki yake, ameandika pia kwamba hakuona watu wanaochukia dhuluma kuliko wale, kwamba njia zao zilikuwa salama, na kwamba hata mtu mwenye kanzu moja kuukuu aliifua akaivaa safi kwa sala ya Ijumaa. Msomi yule alikuwa mkubwa, na kitabu chake kilichokamilishwa mwaka 1355 kingali kikisomwa. Hata hivyo ilimchukua safari ya zaidi ya miaka 25, na bado maziwa ya mgando yalimtoa katika heshima yake. Vijana wetu wanaotoka nje kwa mara ya kwanza wasivunjike moyo.

Tofauti zinazoumiza zaidi, kwa tulivyozisikia kwa waliotangulia, si zile kubwa za dini au chakula, kwa kuwa hizo kila mtu amejitayarisha nazo. Ni zile ndogo ambazo mtu hajui kama ni mila. Anadhani ni adabu ya wanadamu wote. Chukueni suala la macho. Mtoto wa Pwani amefundishwa tangu akiwa mdogo kwamba hamkodolei macho aliyemzidi umri au cheo. Huinamisha uso, hujibu kwa sauti ndogo, na aliyemlea husifiwa. Binti huyo anasimama mbele ya afisa uhamiaji katika uwanja wa Ulaya au Marekani. Anaulizwa anakwenda kwa nani, atakaa muda gani, ana fedha kiasi gani. Kwa adabu yake yote anatazama chini na kujibu polepole. Afisa naye amelelewa kwamba mkweli humtazama mwenziwe usoni, na asiyetazama ana jambo analificha. Anamwita kando. Mkoba unapekuliwa, maswali yanarudiwa, ndege ya kuunganisha inaondoka. Hakuna aliyefanya ubaya hapo, wala hakuna sheria iliyovunjwa. Dakika tano za maelezo kabla ya safari zingetosha: mtazame anayekuuliza, jibu swali aliloliuliza tu, sema kwa sauti ya kusikika, na ujue kwamba huko hukumvunjia mtu heshima.

Salamu nazo tunazo nyingi, na ni utajiri wetu. Lakini mwenye kumwamkia karani wa duka huko Ujerumani kwa kumuuliza habari za nyumbani na za watoto atamtia wasiwasi, na foleni nyuma yake italalamika. Huko pia hodi ya kushtukiza haipendwi. Mtu huarifu siku kabla, akaambiwa saa, akafika saa hiyo. Jumapili maduka karibu yote hufungwa, basi aliyefika Jumamosi usiku bila mkate atalala na njaa. Na tahadhari nyingine kwa kina mama: yale maneno ya kumpongeza mwenzako kwamba amenawiri na kunenepa, au kumwita mtu mzee kwa kumheshimu, yaachwe nyumbani. Kwa wengi huko hayo ni matusi mawili.

China, ambako wafanyabiashara wetu wamezoea kwenda, si nchi ngeni kwetu. Wazee wetu walifanya kazi bega kwa bega na Wachina walipojenga reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Hata hivyo mila zao wengi wetu hatuzijui. Mtu anaweza kumchukulia mwenyeji wake zawadi nzuri ya saa ya ukutani, asijue kwamba kwa Kichina maneno ya kumpa mtu saa hiyo hufanana kwa sauti na maneno ya kumzika. Vijiti vya kulia havisimamishwi katikati ya bakuli la wali, kwa sababu ndivyo ubani unavyosimamishwa kwa ajili ya wafu. Kadi ya jina hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili na kusomwa kabla ya kutiwa mfukoni, na hilo halitatupa taabu, maana mikono miwili ni adabu yetu pia.

Ajabu ni kwamba nchi inayoweza kumkosesha Mswahili kwa urahisi zaidi ni ile anayojiona yuko nyumbani. Tunasema Oman. Mtu ateremkapo Muscat husikia Kiswahili sokoni na ofisini, kwa kuwa familia nyingi zina asili ya Unguja na pwani hii. Halua iko mezani, majina ni yale yale. Basi hujilegeza. Anapewa kahawa chungu katika kikombe kidogo, anakunywa, anajaziwa, anaona haya kukataa, anakunywa tena, mpaka moyo unamdunda. Hakuambiwa kwamba mnywaji akitosheka hukitikisa kikombe kidogo anapokirudisha, na mpaka afanye hivyo mwenye buli ana wajibu wa kuendelea kumimina. Mwezi wa Ramadhani, kula au kunywa hadharani mchana ni kosa la kisheria, na hata asiyefunga kwa udhuru hujisitiri. Siku za mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi tangu mwaka 2013, lakini jirani zao wa Falme za Kiarabu walihamia Jumamosi na Jumapili mwanzoni mwa mwaka 2022, na Ijumaa ofisi za serikali yao kuu hufungwa mapema. Mfanyabiashara aliyepanga kumaliza karatasi zake Dubai Jumapili na kuvuka kwenda Muscat kwa kazi za Ijumaa atakuwa amelipa hoteli kwa siku za bure.

Tunajua litakaloulizwa: kwa nini sisi tuwe ndio wa kujifunza, na wao wasijifunze yetu? Swali hili lina haki yake. Watu wa Mji Mkongwe wanajua inavyoudhi mgeni anapokatiza vichochoro akiwa na nguo ya pwani, akapita mbele ya msikiti na mbele ya wazee walioketi barazani. Tunamtaka ajifunike mabega na magoti, na tuna haki ya kumtaka hivyo, kwa kuwa nyumba ni yetu. Haki hiyo hiyo ndiyo wanayoidai wao katika nyumba yao. Na hatumtaki mwananchi wetu aache dini yake, lugha yake wala adabu yake. Mtu aweza kumtazama afisa usoni Frankfurt, na akirudi Pangani akainamisha uso mbele ya babu yake, wala hakuna kilichopungua.

Limebaki moja, na linahusu saa. Sisi huhesabu siku kuanzia kuchomoza kwa jua, na tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Tiketi iliyoandikwa 02:00 tarehe 10 si ya saa mbili asubuhi, wala si ya usiku unaofuata mchana wa tarehe 10. Ni saa nane za usiku wa kuamkia tarehe 10. Msafiri atoke nyumbani tarehe 9 baada ya sala ya Isha, na saa tano usiku awe amekwisha fika uwanjani, begi lake liko mkononi na ufunguo wake anao mfukoni.